Haikukatika Dukani Kwangu

Hakuna kitu chenye waya ndani yake kinachoweza kunishangaza. Maneno hayo nimeyasema mbele ya watu wengi, nimekaa kwenye kigoda changu pale dukani mtaa wa Kuze, na sikuwa nikijigamba bure. Shule niliiacha darasa la tano, karo ilipokwisha na baba naye akawa hayupo. Tangu hapo, kila ninachokijua nimekifungua mwenyewe kwa bisibisi. Redio, friji, jenereta, pampu za visima, vipaza sauti vya misikiti mitatu, na mashine ya daktari mmoja ambayo mhandisi aliyevaa tai aliifungua, akaitazama, akaifunga, akaenda zake. Mimi niliifungua baada yake. Inafanya kazi mpaka leo. Mke wangu husema siku nikifa nitainuka jenezani niwaonyeshe watu wanavyokosea kulibeba.

Basi mwaka jana nilishangazwa, na kilichonishangaza nilikitengeneza kwa mikono yangu miwili.

Kati ya kazi zangu zote, iliyonitia kiburi zaidi ni amplifaya moja ya gitaa, ya valvu. Valvu ni vile vichupa vya kioo vya redio za zamani, vinavyowaka vyekundu ndani kama kaa la chetezo. Siku hizi watu hawazitaki. Amplifaya za madukani ni nyepesi na zina taa za rangi rangi. Yangu niliiunda kwa vitu vya kutupwa. Valvu na transfoma nilizitoa kwenye redio kubwa ya sebuleni iliyotolewa nje na nyumba moja ya Wahindi, bati la chini nililikata kwenye sinia la pilau, na sanduku ni mbao za kitanda cha nyanya yangu. Ukiiinua vibaya utalala na mgongo wiki nzima. Lakini sauti yake! Gitaa likipita humo hutoka nene, tamu, kama mtu anayeimba huku ana halua mdomoni. Kisiwa kizima hakuna nyingine, na kila aliyesema ipo nimemwambia ailete tuione.

Nilimuundia mzee mmoja wa Majengo, mpiga gitaa wa bendi ya taarabu, zile bendi zinazokodiwa harusini kuwapigia wanawake nyimbo. Alikuwa mwembamba, mpole, koti jeusi lile lile jua na mvua, na alikuwa na sikio ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Bendi nzima ililinganishwa kwa sikio lake. Kabla ya kuanza, wapiga fidla walimwendea mmoja mmoja wakavuta uzi, naye bila kuinua kichwa akisema, "Panda kidogo. Zaidi. Basi." Kazi nyingine hakuwa nayo tangu bandari ilipompumzisha. Gitaa lile na amplifaya ile ndivyo vilivyomweka mjini.

Hapa lazima nieleze mtindo wangu wa kazi. Hewa ya kisiwa hiki ina chumvi, na chumvi inakula shaba. Mafundi wengine wakishalehemu waya huuacha uchi, na baada ya mwaka mmoja kiungo kinageuka kijani. Mimi kila kiungo nilichokilehemu nakipaka vanishi ya mbao, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, kinang'aa kama asali. Huo ndio muhuri wangu. Fundi yeyote wa hapa akifungua kitu akaona viungo vinang'aa rangi ya asali, anajua ni nani alipita, na wengi wao hukifunga tena wakamwambia mwenye kitu, "Mrudishie mwenyewe."

Kabla ya msimu wa harusi mzee aliileta amplifaya nimbadilishie kapasita, vile vikebe vidogo vinavyoweka umeme, ambavyo huzeeka kama watu. Nilizibadilisha zote, nikapaka vanishi, akaichukua. Haukupita mwezi akarudi, hamali anamsukumia mkokoteni.

"Sabalkheri, fundi."

"Sabalkheri, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Fundi, imeanza kunikimbia."

"Nini kinachokukimbia?"

"Sauti. Napiga, yaondoka. Nangoja kidogo, yarudi. Kama mtu alokwenda chooni."

Tukacheka. Nikamwambia aniachie siku mbili.

Sasa, sauti inayokatika moja kwa moja ni kazi ya mwanafunzi. Iliyokufa imekufa, unatafuta ilipofia. Inayoondoka na kurudi ndiyo inayompima fundi, maana ukiitazama inakaa na adabu zake. Nilianza na rahisi: waya wa gitaa, soketi, plagi, nikazisafisha. Nikazitoa valvu moja moja, nikasugua miguu yake kwa karatasi ya msasa, nikazirudisha, nikazibadilisha mahali. Nikaiwasha ikiwa wazi, mkono mmoja nimeufunga nyuma kiunoni, kwa sababu ndani mle mna umeme wa kumuua mtu, na anayetia mikono miwili hupitisha umeme huo moyoni. Kwa mkono mwingine nilishika kijiti cha mishikaki. Kijiti hicho kikavu ndicho chombo changu bora. Unagonga kila kiungo pole pole, tik, tik, tik, na palipolegea patakwaruza kwenye spika. Niligonga vyote. Spika haikusema kitu. Nikaiacha inaimba kutwa nzima, redio imechomekwa humo badala ya gitaa, na kutwa nzima haikukatika hata mara moja.

Nimesema kutwa nzima. Sikusema kwamba juu ya meza yangu kuna feni kubwa, na kwamba mimi siwezi kufanya kazi bila feni. Wakati ule lilikuwa jambo la kuvuta pumzi tu, nani hutaja pumzi?

Akaichukua. Baada ya wiki mbili akarudi. Mkokoteni ule ule, hamali yule yule, na hamali sasa ana maneno. "Fundi, hii mashine ina jini. Mtafutie buhuri umfukize, mimi mgongo umekwisha." Nikaipima upya, safari hii siku tatu. Nzima. Nikamrudishia na nikamwambia, kwa ukali kidogo nadhani, kwamba aangalie vidole vyake.

Mara ya tatu alikuja na bibi mwenye bendi. Huyu alikuwa mwimbaji na mwenye vyombo vyote, mwanamke mnene, buibui limenyooka, na sauti ambayo haikuhitaji amplifaya ya mtu. Alikataa kukaa.

"Fundi, mimi nimesimamishwa uani kwa watu kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mama wa bibi harusi yuwaniuliza, huyu babu mmemleta kupiga gitaa au kusinzia? Kwani nyimbo yafika katikati, gitaa hakuna. Nageuka, namuona vidole vyaenda, sauti hakuna. Au sauti ipo na vidole vimesimama. Sijui tena mimi."

"Nasimama kwa sababu haitoki," mzee akasema taratibu.

"Wasema haitoki. Wapiga fidla wasema hawakusikia tofauti."

"Wao wana ngoma masikioni."

"Na wewe una nini masikioni, baba yangu?" Alisema bila ubaya. Kisha akanigeukia. "Neno lako moja tu, fundi. Ikiwa ni mashine, kesho nanunua nyingine na babu yuwaendelea na mahali pake. Ikiwa si mashine, basi nijue. Nina harusi sita mbele yangu."

Mzee alikuwa amelikumbatia gitaa. Akanitazama akasema, "Sema, fundi. Usinionee haya."

Nikamwambia apige. Akachomeka, akakaa kwenye kigoda, mgongo kwangu, uso mlangoni, akapiga wimbo mmoja mrefu bila kuimba. Feni inazunguka juu yetu. Amplifaya inaimba kama siku niliyoizaa. Robo saa, nusu saa. Hakuna kilichokatika. Mara moja alisita, akageuza sikio, akauliza, "Hapo haikupungua?" Haikupungua. Bibi mwenye bendi akanitazama, nami nikamtazama.

Ndipo nikapata akili moja. Nilijiona mjanja sana. Yeye akiwa amenipa mgongo, nikanyoosha mkono nikashusha sauti kidogo. Akaendelea kupiga. Nikashusha tena. Bibi mwenye bendi akainua nyusi. Hata yeye alisikia, na hata muuza kahawa aliyekuwa akipita nje aligeuza kichwa. Mzee akaendelea, vidole havikusita, kichwa hakikugeuka. Nikashusha mpaka nusu. Hakusema neno.

Alipomaliza nikazima swichi.

"Mashine ni nzima," nikasema. "Mzee wangu, niwie radhi. Ni masikio."

Mzee aliuchomoa waya wake, akaukunja kiganjani duara duara kama alivyoukunja miaka yote, akautia mfukoni mwa koti.

"Haya," akasema. "Fundi ameshasema."

Bibi mwenye bendi alifuta macho kwa ncha ya mtandio wake, akamshika mkono, na walipofika mlangoni mzee akageuka akasema amplifaya ikae kwangu, kwani nyumbani itapata kutu tu. Nikaiweka rafu ya juu. Jioni ile nilimsimulia mke wangu nilivyoligundua jambo lile, ule ujanja wa kushusha sauti, na nilisimulia vizuri.

Baada ya hapo nilikuwa nikimwona msikitini siku za Ijumaa. Alikuwa amezoea safu ya nyuma karibu na mlango. Sasa alikuwa akikaa mbele kabisa, chini ya kipaza sauti. Siku moja nikamuuliza habari za gitaa.

"Nimeliuza," akasema. "Makupa, kwa yule muuza vyombo vya mitumba panapoegeshwa malori. Elfu saba. Lilikuwa linanitazama."

Nikamwambia Mungu atampa heri nyingine. Akaitikia amina. Nikaenda zangu dukani.

Amplifaya sikuiacha ilale. Niliishusha rafuni nikaichomeka redio, ikawa inanisomea habari na kuniimbia kutwa, na kila mteja aliyeingia akiuliza ni nini hiki kinachowaka, nikamweleza. Miezi ilipita, haikukatika. Kila siku iliyopita bila kukatika ilinihakikishia kwamba nilisema kweli.

Halafu feni ikaungua. Ilikuwa mwezi wa pili, joto lile la kaskazi ambalo hata kuta zinatoka jasho, na mimi, fundi wa feni za mji mzima, nikaiacha feni yangu wiki nzima bila kuigusa kwa sababu wateja walikuwa wengi. Siku ya tatu bila feni, kama saa nane mchana, nilikuwa nafungua pasi ya mtu, redio inasoma matangazo ya vifo, mara sauti ikaondoka.

Nilidhani ni umeme. Nikatazama: taa inawaka. Valvu zinawaka. Nikadhani ni kituo cha redio. Nikaichomoa redio kwenye amplifaya: redio peke yake ilikuwa inasoma vizuri. Nikairudisha. Kimya. Nikakaa nikiitazama ile sahani ya spika haitikisiki. Baada ya muda, ghafla, bila mtu kuigusa, ikarudi katikati ya jina la marehemu.

Nilifunga mlango wa duka. Mchana, wateja nje, nikafunga.

Niliigeuza juu chini, ingali moto, nikachukua kijiti cha mishikaki na mkono mwingine nikauweka nyuma. Sauti ilipoondoka tena, sikugonga kama siku zote. Nilibonyeza. Nilibonyeza kiungo kimoja baada ya kingine, pole pole, jasho linanidondokea machoni, na nilipofika kwenye kipande kidogo cha shaba ambapo waya unaobeba sauti kutoka valvu ya kwanza huunganishwa na ule unaoipeleka ya pili, nikakibonyeza, sauti ikarudi. Nikakiachia, ikaondoka. Nikakibonyeza, ikarudi. Nikafanya hivyo sijui mara ngapi. Kiungo kilikuwa kinang'aa rangi ya asali, kizuri kuliko vyote.

Nikaizima, nikangoja, nikazitoa kapasita umeme uliobaki ndani yake, kisha nikachukua wembe nikaparuza ile vanishi. Mkono wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Chini yake hapakuwa na lehemu hata tone. Waya ulikuwa umepitishwa kwenye tundu na kusokotwa mara moja, basi, kama mtu aliyetundika kitu kwa muda akisema narudi sasa hivi. Vanishi tu ndiyo iliyoushika. Kukiwa na baridi, waya unagusa shaba. Kukiwa na moto, bati linatanuka, vanishi inalegea, waya unaelea. Chini ya feni yangu haikupata moto hata siku moja. Uani kwa watu, turubai juu, wanawake mia wamebanana, amplifaya imewekwa pembeni nyuma ya mapazia, lazima ilikuwa inachemka.

Na nikakumbuka. Siku ile nilipokuwa nabadilisha kapasita, aliingia mgeni mmoja kutoka bara aliyesikia habari za amplifaya yangu, akaomba anipige picha kwa simu nikiwa kazini. Nilikuwa nimeshasokota ule waya. Nikaweka chini chuma cha kulehemu, kwa sababu moshi wake ulikuwa unatia ukungu kwenye picha, nikamweleza habari za sinia la pilau na kitanda cha nyanya. Kisha akaomba picha ya mwisho, nami nikashika brashi ya vanishi, maana nilitaka muhuri wangu uonekane. Picha hiyo anayo mpaka leo, popote alipo. Mtu akitazama vizuri ataliona kosa lenyewe likitendeka, na mimi natabasamu.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia Majengo siku ile ile. Nilikaa siku nne. Nilikilehemu kile kiungo kwa dakika moja, na siku nne nikatafuta jinsi ya kulisema. Nilimpigia simu kwanza bibi mwenye bendi.

"Fundi, lakini si wewe mwenyewe ulosema?" akaniambia.

"Ni mimi."

"Mbele yangu. Ukanionyesha na ule ufundi wako wa kushusha."

"Ni mimi, mama."

Akashusha pumzi kwenye simu. "Sasa nina kinanda, kina magitaa kumi ndani yake. Chabonyezwa tu. Mpigaji wake ana mke na watoto, nitamwondoa kwa lipi? Mwendee mzee umwambie wewe. Mimi nilikwisha kulia siku ile."

Siku ya tano nikaenda. Nyumba ya mzee ilikuwa ya matope na mawe, baraza ndogo mbele, mkewe amekaa akikuna nazi kwenye kibao cha mbuzi. Mkewe akaita ndani, "Una mgeni!" Kimya. Akaita tena. Mzee akatoka polepole akamuuliza, "Umeniita?"

"Nimekuita mara mbili."

"Nilisikia. Nalikuwa sijui kama nimesikia."

Mkewe akanitazama, akarudi kukuna nazi. "Ndivyo alivyo siku hizi," akasema. "Akiitwa huniuliza mimi kama ameitwa. Mlango ukigongwa huuliza kama wagongwa. Hana uziwi wowote, nakwambia mimi ninayelala naye. Ameacha tu kujiamini."

Nikayasema yote nikiwa nimesimama. Waya, vanishi, feni. Nilisema kwa haraka na nikatumia maneno ya ufundi mengi kuliko haja. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akiwasikiliza wapiga fidla.

"Kwa hivyo ilikuwa ikiondoka kweli," akasema.

"Ilikuwa ikiondoka kweli."

"Na mimi nalikuwa nikisikia inaondoka."

"Ndiyo, mzee wangu. Kosa langu ni kwamba siku ile niliposhusha sauti na wewe hukusema kitu, mimi nikadhani..."

"Mara tatu," akasema.

"Nini?"

"Ulishusha mara tatu. Ya kwanza kidogo, ya pili kidogo, ya tatu nyingi. Nilisikia. Nikasema moyoni, fundi yuwaijaribu mashine yake. Mtu yuko kazini, nimwingilie nimwambie washusha, washusha? Si adabu. Nikaendelea kupiga ili umalize jaribio lako."

Mkewe aliacha kukuna nazi.

"Kwa nini hukusema baadaye?" nikauliza. "Niliposema ni masikio, kwa nini hukusema?"

"Wewe ndiwe fundi," akasema. Hakulisema kwa kejeli. Nimetafuta kejeli ndani ya neno hilo, na sikuipata. "Nalisema labda kuna nyingine ambazo sikuzisikia. Ulishusha mara tatu, au ulishusha mara sita nikasikia tatu? Mtu hawezi kulijua hilo mwenyewe."

Niliondoka pale moja kwa moja mpaka Makupa. Muuza mitumba alikuwa amelitundika gitaa juu kati ya baiskeli ya mtoto na feni tatu. Sikulikosea, shingo yake ilikuwa imeliwa na kidole gumba cha mzee.

"Hilo ni gitaa la mpigaji mkubwa wa taarabu," akaniambia. "Marehemu."

"Hajafa. Nimetoka kwake sasa hivi."

"Basi, kaka, kwani la aliye hai lapungua bei? Elfu kumi na nane na mia tano."

Mimi kwa bei sijapata kushindwa na mtu wa Makupa. Siku ile sikusema hata neno moja. Nikatoa pesa. Mwenyewe alishtuka akazihesabu mara mbili, nadhani alijuta kwamba hakusema elfu ishirini na tano. Nikanunua na nyuzi mpya, maana zile zilikuwa zimeota kutu, nikapanda tuktuk kurudi Majengo nimelipakata.

Mzee alilipokea kwa mikono miwili. Alilifuta vumbi kwa ncha ya koti, akatia nyuzi moja moja bila haraka, mkewe amesimama mlangoni. Niliona vidole vyake vimelainika. Ile ngozi ngumu ya nchani ilikuwa imeondoka. Akaanza kulinganisha. Alivuta uzi wa kwanza, akakaza. Wa pili, akakaza, akalegeza, akakaza. Alikaa na ule wa pili muda mrefu. Kisha akainua kichwa, yeye ambaye bendi nzima ilikuwa ikimngoja aseme basi, akaniuliza mimi.

"Umelingana huu?"

Maisha yangu yote, mtu akiniuliza kitu nimemjibu. Nisipojua nimejibu vile vile, kisha nikaenda kujua. Lakini mimi sikio sina, nina mita ya kupimia umeme. Ningesema umelingana, angeniamini. Ningesema haujalingana, angeniamini.

"Sijui, mzee wangu," nikasema.

Akavuta uzi mara nyingine, akautegea sikio mpaka ulipokufa wenyewe.

"Wala mimi sijui," akasema. Akaliweka gitaa kwenye mikono yangu, taratibu, kama anamrudishia mtu mtoto aliyekuwa amembeba. "Nenda nalo. Likae pamoja na mwenziwe. Hapa nitalisikia kisha nitakaa nikijiuliza."

Mkewe akaingia ndani. Sisi wawili tukabaki tumekaa mpaka alasiri ikaadhiniwa. Ilipoadhiniwa akanitazama kwanza, nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, yaadhiniwa, ndipo akainuka.

Gitaa limetundikwa dukani kwangu, juu ya amplifaya, na feni nimeitengeneza. Viungo sasa sivipaki vanishi. Vikiota kijani na viote, angalau nitaviona. Wateja wakiingia hulitazama wakauliza nauza kiasi gani, nami huwaambia haliuzwi. Huwa hawaishii hapo. Watu wa hapa lazima wajue kitu kimemgharimu mwenyewe kiasi gani, na hilo ndilo swali pekee kuhusu jambo lile ninaloweza kulijibu bila kukosea. Gitaa, nyuzi, na tuktuk ya kutoka Makupa: shilingi elfu kumi na tisa, mia nne na hamsini.